Boriti Iliyokoroma

Barazani, 9 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mikono yako haijaungua na hizo pasi za hoteli. Huku sote tu salama. Mama yako goti linamsumbua asubuhi, likifika saa nne linapoa lenyewe, naye anasema goti lake lina saa za kazi kama karani. Anakusalimu sana. Haya nitakayokuandikia amekataa nikupigie simu. Anasema simu huisha salio katikati ya neno, barua haiishi mpaka mtu amalize. Basi naandika, naye yuko pembeni ananisimamia.

Wifi, nyumba ya marehemu kaka yako imepata wapangaji.

Wiki mbili hizi Mama kila akiketi barazani ananiambia, "Mwanangu, nyumba hii inakoroma." Nikawa namjibu nyumba haina pua. Juzi nafagia, nikaona unga wa mbao sakafuni, kichuguu kidogo cha manjano chini ya ile boriti ndefu iliyobeba paa la baraza. Nikauzoa. Kesho yake upo tena, pale pale. Nikainua macho nikaona tundu. Tundu la mviringo, safi, kidole changu cha mwisho kinaingia bila kukwaruzwa. Kaka yako mwenyewe na keekee yake asingelitoboa vizuri zaidi. Nikaweka sikio kwenye nguzo, nikasikia krrr, krrr, krrr. Mama alikuwa mkweli, nyumba inakoroma.

Mara akatoka nyuki. Si hawa wa asali, huyu ni mweusi, mnene, mgongo unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Mwenzake alikuwa ananing'inia hewani mbele ya pua yangu akinitazama kama askari wa getini. Nilipiga yowe. Mama akacheka mpaka goti likasahaulika. Akasema hao ni nyuki watoboa mbao, anayetoboa ni jike, na huyo anayenitisha ni dume, hana mwiba, ni kelele tu. "Kama wanaume wengi," akamalizia. Kaka yako angekuwepo angemjibu.

Lakini nina wasiwasi. Unakumbuka boriti ile haikupakwa rangi. Alipomaliza baraza alisema mbao ikae wiki mbili ikauke kwanza. Kopo la rangi alikwisha kulinunua. Siku ya kumi akatutoka, na kopo liko chini ya kitanda changu mwaka wa tatu huu, sijalifungua. Sikutaka mtu afunike alama zake za penseli. Sasa Mama anaketi chini ya boriti hiyo kutwa, na mimi sijui nyuki hula kiasi gani. Na baraza yenyewe kubwa, futi kumi na mbili kwa wanawake wawili. Sijui alidhani tutafungua shule.

Wewe uko ughaibuni, kwenye watu wa kila aina. Niulizie.

Mimi wifi yako wa barazani

*

Chumba cha pasi, 2 Machi

Wifi yangu, mlezi wa mama yangu,

Nimeipokea barua yako nikiwa na rundo la mashuka mia mbili mbele yangu, nikaisoma nimesimama, shuka moja likaungua pembeni. Nimelikunja sehemu hiyo ndani. Usimwambie mtu. Mimi ni mzima, miguu tu inavimba jioni. Mwambie Mama goti lake na miguu yangu ni ndugu, waandikiane barua zao.

Kuhusu wapangaji wako, mbona unauliza la kufanya na wewe umeolewa na seremala? Kaka alikuwa akituimbia nini kila siku? Tundu huzibwa siku linapoonekana. Wahenga nao walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chonga vijiti, tia gundi, gongomea matundu yote siku moja. Wasipopata mlango watahama. Mbona rahisi?

Na hiyo baraza tulimcheka wote. Nilimwambia kwenye simu kwamba anajenga kituo cha basi. Akasema, "Subiri." Kaka yangu na maneno yake machache.

Nibusie Mama.

Wifi yako wa pasi

*

Barazani, 6 Aprili

Wifi wewe,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Miguu je? Sisi hatujambo, mvua zinakaribia, Mama amekula vizuri wiki hii.

Sasa ugomvi. Wahenga walisema ufa. Hawakusema nyuki!

Barua yako nilimsomea Mama kwa sauti, kama zote, kisha nikafuata neno lako herufi kwa herufi. Nilikata mpini wa fagio la zamani, nikachonga vijiti saba kwa matundu saba, nikatia gundi, nikagongomea mchana kweupe. Mama ananishangilia. Nikashuka kwenye ngazi najiona fundi. Siku ya tatu matundu yamekuwa kumi na moja. Niliwazibia wakiwa ndani na watoto wao, nao hawakuomba funguo. Wametoboa pembeni wakatoka. Nimewafungia mlango, wamefungua madirisha.

Si hilo tu. Ndege kigogota naye amesikia habari. Anakuja asubuhi, ko-ko-ko-ko, anatafuta wale watoto wa nyuki ndani ya mbao, na yeye hatoboi kistaarabu kama wao, anapasua. Tundu la mviringo limekuwa ufa wa kiganja. Ufa huo sasa ndio ule wa wahenga, na sijui niuzibe vipi.

Nikuambie jambo lakini usinicheke. Nimeanza kuwapenda kidogo. Ule mpasheni niliopanda kwenye nguzo ya mwisho ya uzio umetoa maua kwa mara ya kwanza. Wale nyuki weusi huingia ndani ya ua wakatoka na mgongo wa manjano mtupu, kama waliotoka kusaga unga. Mama anasema mpasheni bila nyuki hao ni pambo tu. Basi mchana nawaonea huruma, na mvua ikitanda nawachukia.

Boriti kwa nje ukiitazama ni nzima. Nikiigonga inalia tofauti na zamani.

Niandikie upesi.

Wifi yako wa barazani

*

Chumba cha pasi, 1 Mei

Wifi,

Natumaini hamjambo. Mimi silali vizuri.

Mlinzi wa jengo letu, mtu wa kwetu, aliwahi kuwa fundi mbao. Nimempa barua yako aisome sehemu ya boriti. Alitikisa kichwa. Anasema tundu unaloliona si kitu. Nyuki akiingia ndani hukata kona, akafuata urefu wa mbao, na njia yake yaweza kufika urefu wa mkono mzima. Watoto wakikua hurudi kuchimba pale pale walipozaliwa, mwaka baada ya mwaka. Mbao isiyo na rangi ndiyo wanayoipenda. Halafu maji ya mvua huingia kwenye njia zile, mbao ikaoza ndani huku nje inacheka. Kuziba huzibwa nyuki wakishatoka, si wakiwa ndani. Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa wa mjinga, na kosa ni langu.

Mama yuko chini ya boriti hiyo kila siku. 

Nimeamua hivi. Mama aende kwa shangazi. Wewe urudi kwenu. Nyumba ifungwe mpaka nije mwenyewe niangalie la kufanya. Ni nyumba ya kaka yangu, siwezi kukaa huku nikingoja ianguke. Fanya hivyo mwezi huu, kabla mvua hazijakolea.

Wifi yako wa pasi

*

Chumba cha pasi, 20 Juni

Wifi,

Hamjambo huko? Barua yangu ya Mei uliipata? Imepita wiki ya saba, sijapata hata mstari.

Nimepiga simu mara nne. Kila mara anapokea Mama. Namuuliza kuhusu nyumba, anasema ipo. Namuuliza kuhusu shangazi, anasema shangazi ni mzima kwake na yeye ni mzima kwake. Nikisema nataka kuongea na wewe, anasema una kazi. Mara ya mwisho akaniambia, "Barua uliyoandika unaikumbuka? Isome moyoni mwako," akakata. Mama yangu mwenyewe kanikatia simu!

Nimekosa nini? Nijibu, hata kwa matusi.

Wifi yako wa pasi

*

Chumba cha pasi, 3 Agosti

Wifi yangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu najua hutanijibu. Naiombea tu iwe njema.

Jana nilikuwa nanyoosha nguo za bibi mmoja aliyefiwa na mumewe humu hotelini wakiwa safarini. Gauni jeusi, jipya, bado lina kibandiko cha dukani. Wakati naipitisha pasi kwenye mkono wa gauni, neno nililokuandikia likanirudia lote. "Wewe urudi kwenu." Niliizima pasi nikaketi chini, katikati ya mashuka.

Kwenu ni wapi? Miaka kumi na mmoja uliishi na kaka yangu humo, na huu wa tatu unaishi na mama yangu. Wewe ndiye uliyemvua kaka viatu siku ile. Mimi nilifika siku ya nne na sanduku, nikalia, nikaondoka. Mama akiumwa ni wewe, akicheka ni wewe. Mjane kuambiwa arudi kwao na dada wa mumewe, tena kwa barua, tena anayeisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya mkwewe. Sasa najua kwa nini Mama alinikatia.

Niliogopa boriti, hilo ni kweli. Lakini niseme na lile lisilosemeka. Tangu kaka afariki najiona mgeni pale. Barua zako zimejaa Mama na kicheko na baraza, na mimi nasoma nimesimama huku. Nadhani nilitaka kuonyesha kwamba bado nina sauti katika nyumba ambayo sina hata kiti. Wivu ulinituma, wifi yangu, nami nikatumika.

Nyumba hiyo ni yako. Nitaliandika tena ukitaka, mbele ya shangazi na ukoo mzima. Usiponijibu nitaelewa. Ila tafadhali mwondoe Mama chini ya boriti.

Wifi yako, kama bado nina haki ya jina hilo

*

Barazani, 29 Agosti

Kwa wifi wa pasi, mwenye haki zote za jina hilo pamoja na adhabu zake,

Hujambo? Sisi hatujambo, hatujambo sana. Mama amenituma nianze na hivi: alikusamehe siku ileile aliyokukatia simu, ila hakutaka ujue mapema.

Mimi nilichelewa kidogo. Acha nikusimulie yote, na ujitafutie kiti, usisome umesimama.

Barua yako ya Mei niliisoma kwa sauti mpaka nikafika pale. Nikaikunja karatasi. Mama akasema, "Malizia." Nikamalizia. Sikulia. Niliingia ndani nikatoa sanduku, nikaanza kupanga nguo. Nilikuwa nimeshalifunga Mama alipoingia na fimbo yake, akalikalia. Akakaa juu ya sanduku langu kama kuku juu ya mayai. Nikamwomba aondoke. Akasema goti limekataa kuinuka. Nikasema nitamwinua. Akasema, "Jaribu." Wifi, alikaa hivyo tangu asubuhi mpaka alasiri, nikampelekea chakula hapo hapo juu ya sanduku. Mwishowe nikachoka nikacheka. Lakini sikulifungua sanduku. Lilikaa mlangoni wiki nyingi.

Hasira yangu kwako niliimalizia kwa nyuki. Nilinunua dawa ya wadudu, nikapuliza kila tundu, nikazoa maiti kwa kizoleo. Boriti ikanyamaza. Nilidhani nimeshinda. Mpasheni ukatoa maua tele, yakakaa siku yake moja, yakanywea, yakaanguka. Hata tunda moja halikushika. Mama akawa anaketi akitega sikio. Akasema, "Mwanangu, mgonjwa anayekoroma yuko hai. Akinyamaza ghafla, mtazame."

Hapo ndipo nikaanza kumhamishia kiti ndani. Yeye anatoka. Namrudisha, anatoka. Katikati ya Juni, mchana, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Nilikuwa nasafisha taa mlangoni. Nikasikia ka! Nikaona unga wa mbao unamwagika juu ya kitambaa chake cha kichwa, mbichi, wa kahawia. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilishika kiti kwa nyuma, nikamburuta yeye na kiti na fimbo mpaka sebuleni. Boriti ikapinda, ikashuka shubiri mbili, mabati yakalala juu yake. Haikuanguka yote. Lakini pale ilipopindia ndipo kichwa chake kilipokuwa. Tuliketi sakafuni tumeshikana, akaniuliza, "Na wewe ulitaka kwenda wapi?" Siku hiyo ndipo nililia.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi kuhusu boriti. Nakuambia mapema ili usije ukajidai baadaye.

Kesho yake nilimwita yule fundi wa mabati, rafiki wa kaka yako mwenye kikohozi. Akatia nguzo za muda, akafungua mabati. Akaniuliza nani atachonga boriti mpya. Nikamwambia mimi. Akakohoa kwa muda mrefu. Nikamwambia miaka kumi na mmoja nilishika upande wa pili wa msumeno wa mume wangu, je, alidhani upande wa pili haujifunzi? Nikachagua mbao ngumu, nzito, ile ambayo nyuki akiijaribu atahitaji likizo. Randa yake ilikuwa na kutu, nikainoa. Viganja vilipasuka, vikapona. Kiungo cha kwanza nilikosea, cha pili kilikaa. Fundi akakigonga kwa ngumi, akasema, "Marehemu angenung'unika, lakini angekubali."

Sasa sikiliza. Boriti ya zamani tulipoishusha tuliigeuza. Kwa chini ilikuwa matundu matupu, ukichungulia ni vyumba na korido, hoteli kuliko yako. Kwa juu, upande uliokuwa umefichwa na mabati, mvua haikufika na nyuki hawakugusa. Penseli yake ilikuwa kama ya jana. Unajua alivyokuwa akiandika kwenye kila kazi kabla ya rangi, kwamba ni ya nani. Kuna mistari mitatu, na kila mmoja una alama zake mwanzo na mwisho:

Kiti cha Mama, futi nne.

Kiti cha mke wangu, futi nne.

Kiti cha dada akirudi, futi nne.

Ndiyo ile kumi na mbili tuliyomcheka, wifi. Ndiyo ile "subiri" yake. Yeye mwenyewe hakujiandikia kiti. Nilimuuliza Mama kwa nini. Akasema, "Alikuwa akikaa lini? Si alikuwa anasimama tu mlangoni na kikombe."

Nililisoma neno "mke wangu" mara nyingi kuliko nitakavyokuambia. Kisha nikaenda mlangoni nikafungua sanduku, nikarudisha nguo zote kabatini. Hiyo ilikuwa kabla barua yako ya Agosti haijafika, ujue hivyo. Barua yako nilipoipata sikuwa nimebakiwa na hasira. Nilikusikitikia tu, kwa sababu uliandika huna hata kiti, na kiti chako kilikuwa juu ya kichwa cha Mama miaka mitatu.

Ubao ule wenye maandishi nimeukata, uko ndani, juu ya mlango. Mabaki yenye matundu sikuyachoma. Nimeyafunga kwenye miti miwili kule mwisho wa ua, mbali na nyumba, karibu na mpasheni. Nilidhani nimewamaliza wote, kumbe walikuwepo wengine kwenye uzio wa jirani. Wamehamia. Wanakoroma huko huko. Mapasheni tisa yameshika, Mama anayahesabu kila asubuhi kabla ya chai.

Na kopo la rangi nimelifungua. Juu lilikuwa na ngozi kama maziwa yaliyochemshwa, nikaitoa, chini rangi ni nzima. Miaka yote nilikuwa nalalia bluu! Bluu kali, ya sare za shule. Mume wangu hakuniuliza, na mimi ningekataa. Mama anasema inapendeza. Mama haoni vizuri.

Nimepaka futi nane. Futi nne juu ya mahali pako sijazigusa. Hata mbao ngumu isiyo na rangi nyuki hatimaye huijaribu, na jana nimemwona mmoja anaizunguka akipima. Brashi nimeiweka kwenye mafuta ya taa. Mimi naweza kukungoja, Mama anaweza kukungoja, lakini nyuki hawajui kungoja.

Wifi yako wa barazani, aliye kwao

*

Chumba cha pasi, 21 Septemba

Wifi wa barazani,

Hali yangu utaiona mwenyewe.

Nimeisoma nimeketi, kama ulivyoamuru. Halafu nimeomba likizo yangu yote ya miaka mitatu, nikaonyesha barua yako kwa msimamizi ambaye haelewi hata neno moja la Kiswahili, nikalia mbele yake, akasaini. Nafika tarehe kumi na nne mwezi ujao, mchana.

Nimepima kwa utepe wa washonaji wa hapa. Futi nne zinanitosha na nafasi ya miguu inabaki. Mwambie Mama asianze kuchuma yale mapasheni.

Huyo nyuki anayepima, mfukuze kwa fagio, kwa upole. Mwambie pana mwenyewe.

Wifi yako wa kiti cha tatu